Stempu kwa Barua Zisizokuwa na Stempu

Kila mwaka tangu 1958, posta ya Japani hutoa stempu za kuadhimisha Wiki ya Kimataifa ya Uandishi wa Barua, wiki ya Oktoba inayobeba tarehe 9, siku Umoja wa Posta Duniani ulipoanzishwa mjini Bern mwaka 1874. Rafiki yangu aliyesoma huko aliniletea moja ya mwaka 1960. Imebanduliwa kwenye bahasha kwa mvuke, na mgongoni bado imeshikilia nyuzi za karatasi. Picha yake ni ya Hiroshige, mchoraji wa zamani wa Kijapani: kijiji cha Kanbara usiku, theluji imefunika mapaa, na watu watatu wanapita wameinamisha vichwa. Hakuna barua katika picha hiyo, wala kalamu, wala tarishi. Ni watu wanaotembea tu kwenye baridi, na mwenye kuitazama anaelewa kwamba habari ya mtu aliye mbali ina njia ya kupita, na njia hiyo ina taabu yake.

Wamarekani nao, mwezi Februari 1980, walitoa stempu za kusifu uandishi wa barua. Zao ziliandikwa wazi kwamba barua hutunza kumbukumbu, huinua moyo, hujenga maoni. Tangu nilipoziona hizo zote nimekuwa nikijiuliza: Iposita, posta yetu ya Rwanda, ikiamua kutoa stempu ya kuadhimisha barua za watu, ichore nini?

Haitakosa mifano ya kutazama. Mwaka 1916, Wabelgiji walipoiteka nchi hii kutoka kwa Wajerumani, stempu za Kongo ya Kibelgiji ziligongwa juu yake neno RUANDA. Mwaka 1924 zikaja za Ruanda-Urundi, na tarehe 1 Julai 1962, siku ya uhuru, zikatoka za kwanza za Jamhuri. Baada ya hapo tulichora karibu kila kitu chini ya jua: sokwe wa Virunga, maua, vipepeo, michezo ya Olimpiki, hata wanaanga waliokanyaga mwezi. Zilichapwa Ulaya, zilipendeza kweli, na nyingi ziliishia kwenye albamu za wakusanyaji wa kule bila kugusa barua ya Mnyarwanda hata mmoja. Siwalaumu wakusanyaji. Nasema tu kwamba stempu ina kazi yake, na kazi hiyo inafaa ikumbukwe kabla ya kuchagua picha.

Kabla ya mwaka 1840, Uingereza, aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji. Mletaji alibisha hodi, akataja bei, na mzazi asiye na pesa aliweza kuona mwandiko wa mwanawe kisha akaiona barua ikirudi ilikotoka. Rowland Hill ndiye aliyeshikilia kwamba mtumaji alipe kabla, bei moja kwa nchi nzima, na Mei mwaka huo stempu ya kwanza, Penny Black, ikaanza kutumika. Kwa hiyo kile kipande cha karatasi chenye gundi, tangu siku ya kwanza, kina maana moja: gharama nimeibeba mimi niliyeandika. Wewe huna deni. Fungua ukipenda, wakati upendao.

Mimi maana hiyo niliijua kabla ya kusikia jina la Hill, kwa kuwa nilikulia Biryogo.

Wasioijua Kigali niwaambie kwamba Biryogo ni mtaa wa Nyamirambo, na ndipo Kiswahili kilipoweka makazi mjini hapa, pamoja na Waislamu, wafanyabiashara na watoto wa askari waliokuja enzi ya Wajerumani. Miaka ya 1980 barua zilitufikia kutoka Bujumbura, Bukavu, Ujiji, Kampala na Mombasa. Hakuna tarishi aliyekuja nyumbani. Nyumba hazikuwa na namba. Mwenye duka mmoja alikuwa na sanduku la posta, na mtaa mzima ukawa na anwani kwa sababu yake. Akirudi kutoka mjini jioni, alizipanga bahasha juu ya meza karibu na mizani, na kila mtu akapita kutazama kama anayo. Nyingine hazikupitia posta kabisa. Zilikuja kwa mkono wa dereva wa lori, zimepinda kwa joto la mfuko wa shati.

Nilipofika darasa la tano nilikuwa msomaji na mwandishi wa kina mama wa mtaa. Nilizijua zile fomula zote. Nakuandikia barua hii nikiwa mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Siku hizi vijana wanazichekea, wanasema zilikuwa kupoteza wino. Nawapinga kwa moyo wangu wote. Mtu asiyewahi kukaa na kalamu, anayetakiwa aongee na mtoto aliyemwona mara ya mwisho miaka mingi nyuma, hupatwa na ububu. Fomula ilimtoa ububu. Halafu tazama mpangilio wake: afya yako inaulizwa kwanza, shida yangu inangoja zamu. Huo ulikuwa utaratibu wa adabu, na kila mtu, msomi na asiye msomi, aliumiliki sawasawa.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, mwanawe akiwa utingo wa malori Mombasa. Alinikalisha kwenye mkeka, yeye akichambua maharage katika ungo, akaniamuru: "Mwandikie." Ilibidi kila mtu asalimiwe kwa jina. Ukimruka mmoja alijua, hata kama hasomi, kwa sababu alihesabu kwa vidole majina ninayoyasoma. Siku moja, baada ya salamu, akanitajia jambo lenyewe: bati la jikoni limetoboka, mvua ya Aprili inaingia, wanapika wakiwa wamejifunika gunia. Niliandika kwa ufasaha wangu wote wa darasa la tano. Nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akaokota jiwe kutoka kwenye maharage, akalitupa nje ya mlango.

"Toa hilo la bati," akasema.

"Bibi, ndilo tulilokaa kuandika."

"Toa. Pesa hana, mwanangu. Akilisoma atakosa usingizi huko, na bati litabaki lile lile. Weka kwamba parachichi limezaa mwaka huu."

Nikachukua karatasi nyingine, nikaanza upya kutoka salamu ya kwanza. Kisha akafungua fundo la khanga yake na kunipa sarafu za stempu, zilizokuwa zimepata joto la mwili wake. Yule mama alimficha mwanawe habari ya kweli, na wapo watakaosema hakufanya vyema. Mimi naona alifanya kazi ambayo mwandishi wa barua pekee ndiye anayepewa nafasi ya kuifanya: alimtazama msomaji wake kwa mbali, akapima atakachoweza kubeba, akabeba kinachobaki mwenyewe.

Mwaka 1994 posta ilisimama, kama kila kitu kingine kilivyosimama. Yaliyotokea kati ya Aprili na Julai mwaka huo, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hayahitaji nami niyaeleze hapa. Wenye haki ya kuyaeleza wameyaeleza. Nitasema habari ya karatasi. Nchi ilikuwa imetawanyika. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, wakawa mji mzima pale Benaco, Ngara. Julai wengine mamia kwa maelfu wakamwagika Goma, wengine Bukavu. Na ndani ya nchi, walionusurika hawakujua nani mwingine amenusurika. Watoto waliopoteana na wazazi na kuandikishwa walizidi laki moja.

Hapo ndipo zilipokuja barua zisizokuwa na stempu. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa na ujuzi wa zamani wa kazi hii. Mwaka 1914 lilifungua ofisi Geneva ya kutafuta wafungwa wa vita, na katika Vita vya Pili vya Dunia raia waliotenganishwa na mipaka waliruhusiwa kutumiana maneno 25, basi. Kwetu ilikuja fomu ya ukurasa mmoja: juu jina la mwandikaji na la mwandikiwa, katikati mistari ya ujumbe, nyuma nafasi ya jibu. Haina bahasha. Inakwenda wazi, kwa kuwa inapita mikono ya pande zisizoaminiana, na kwa hiyo ni habari za familia peke yake. Siasa, jeshi na lawama haziruhusiwi. Mwaka 1995 nilijitolea kusaidia kuzipanga na kuzipeleka, Kigali na vilima vya jirani.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa anwani. Asiye Mnyarwanda huenda asielewe. Kwetu ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, na kaka na dada wakisimama pamoja majina yao hayakuonyeshi kwamba ni wa nyumba moja. Kwa hiyo fomu ilidai jina la baba, jina la mama, komini, sekta, seli. Mtu mzima alijaza. Mtoto wa miaka minne angejaza nini? Mama yake anaitwa Mama. Baba anaitwa Baba, na kwao ni pale penye mti mkubwa. Wadogo kiasi hicho walipigwa picha, na picha zikabandikwa mahali watu wanapopita, wakubwa wakasimama mbele yake wakitafuta nyusi wanazozijua. Majina yalisomwa kanisani na sokoni. BBC ilianzisha kipindi cha redio cha Gahuzamiryango kwa ajili hiyo hiyo, kuunganisha familia, na jioni ungekuta watu wamezunguka redio moja, hakuna anayekohoa.

Nakumbuka ujumbe mmoja kutoka kambi ya Ngara. Msichana wa kama miaka kumi na mitatu alimwandikia shangazi yake, bila kujua kama yu hai. Alijaza mistari yote: aliyekuwa naye ni nani, aliyepotea njiani ni nani, chakula wanapataje. Chini kabisa, herufi zikiwa zimebanana kwa kukosa nafasi, aliongeza kwamba amejifunza kushona na sasa anajua kutia kifungo. Shangazi tulimpata, baada ya kuulizia vilima viwili. Alisomewa mara moja akaomba asomewe tena. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wake. Tulimwambia jibu ni bure na ukurasa wote wa nyuma ni wake. Akasema tuandike hivi: "Mbuzi wapo wawili. Njoo."

Mwenzangu alimuuliza kwa upole kama hataki kumweleza mtoto yaliyotokea nyumbani. Akasema hayo ni ya kuambiwa mtu akiwa amekaa karibu na wewe.

Wakati ule nilimkumbuka yule bibi wa bati. Nilimkumbuka tena mara nyingi, kwa kuwa katika mafurushi yale ya karatasi niliona jambo lile lile likirudiwa na watu ambao hawakuwa na chochote. Waliruhusiwa ukurasa mmoja katika maisha yao yote yaliyobomoka, na walikaa kufikiri ni nini mwenzao ataweza kukisoma. Walipima. Hakuna aliyewafundisha.

Nyingine hazikumpata mwenyewe. Zilirudi na alama kwamba mwandikiwa hakupatikana, na kurudisha ujumbe wa namna hiyo mkononi mwa mtoto ni kazi ambayo sitaiandika kwa urefu.

Kuna aina ya tatu ya barua ambayo nchi yetu inaijua, nayo niiseme pia, ingawa ni nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watu zaidi ya laki moja walioshutumiwa kushiriki mauaji, na kabla ya mahakama za jamii za gacaca kuanza, na hata wakati mahakama hizo zikiendelea hadi zilipofungwa Juni 2012, wafungwa wengi waliwaandikia walionusurika kuomba msamaha. Nyingine zilitoka moyoni. Nyingine ziliandikwa kwa jicho la hesabu, kwa kuwa aliyekiri alipunguziwa adhabu. Jirani yangu mmoja alipokea yake. Aliiweka ndani ya sanduku lake la nguo, haijafunguliwa. Watu wema wakamjia, mmoja baada ya mwingine, kumwambia aifungue kwa ajili ya umoja wa nchi. Akawajibu wote kwa heshima: "Kuandika kulikuwa kwake. Kufungua ni kwangu."

Miaka ikapita hivyo. Kisha siku moja aliifungua, akaisoma peke yake, na kilichomo hajaniambia wala sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba hakuna simu wala mkutano wala redio ambayo ingemwachia haki hiyo. Barua ilingoja. Ilikaa sandukuni bila kupiga kelele, bila kumdai, mpaka mwenyewe alipokuwa tayari.

Sasa Kigali ni mji mwingine. Nyumba zina namba, barabara zina alama za KN, KG na KK, na mgeni anafika mlangoni bila kumuuliza mwenye duka. Tangu 2016 ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitali za vijijini. Posta hupokea vifurushi vya watu walionunua viatu mtandaoni. Simu nazishukuru, kama zingekuwepo mwaka 1995 mikononi mwa watu wale, wangapi wangeonana mapema! Lakini niseme ninaloliona kila siku. Ujumbe wa simu unaingia usiku wa manane, unaufungua bila kukusudia, na papo hapo zile tiki mbili za bluu zinakushtaki kwa mwenzako: amesoma, mbona hajibu? Aliyetuma ametumia sekunde tatu, na wewe unabaki na deni. Mzigo umerudi kwa mpokeaji, kama zamani za kabla ya 1840. Nadhani ndiyo sababu watu wengi wamechoka kusomana, ingawa hawajawahi kuandikiana kwa wingi kiasi hiki.

Umoja wa Posta Duniani una shindano la uandishi wa barua kwa vijana, limekuwepo tangu 1971, na sasa ni la watoto wa miaka 9 hadi 15. Ni umri mzuri. Mimi huwakalisha wajukuu wa nyumba yetu likizo zikifika, kila mmoja na karatasi, wamwandikie bibi yao wa Rusizi. Mwanzoni huandika kama wanavyoandika kwenye simu, mstari mmoja na nyuso za kucheka. Nawaambia wamsalimu kwanza, wamuulize miguu yake inaendeleaje, halafu wamweleze jambo moja waliloliona wenyewe. Mmoja, mvulana wa miaka kumi, aliniuliza: "Babu, na asipojibu?" Nikamwambia asipojibu, barua yako imefika vile vile. Alifikiri, akaongeza mstari kuhusu paka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ninalo. Ombi langu kwa Iposita ni hili: tarehe 9 Oktoba ya mwaka wowote ulio karibu, tupewe stempu ya kuadhimisha barua za watu wa kawaida, na juu yake msichore sokwe safari hii, wala jengo. Chora fomu ile ya ukurasa mmoja, iliyokunjwa, na mistari hii mitatu ionekane: jina la baba, jina la mama, seli. Mamilioni ya karatasi hizo zilipita katika nchi za Maziwa Makuu bila stempu hata moja. Tuzibandikie sasa.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu, ndani ya sanduku au nyuma ya fremu ya picha, upo ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa miaka ile, usiutupe wakati wa kuhama, na usiupeleke kuwekewa plastiki ya moto, maana hauwezi kutoka tena. Uweke ndani ya bahasha safi mahali pakavu, mbali na jua. Chukua karatasi nyingine, uandike kwa penseli aliyeuandika ni nani, aliyeupokea ni nani, na kama walionana. Fanya hivyo wakati wenye kukumbuka bado wapo wa kuulizwa.